Mwendo wa Nairobi hadi New York: Kilomita ni za Dunia, Saa ni za Watu

Ukimuuliza mtu siku hizi kutoka Nairobi hadi New York ni mbali kiasi gani, atafungua simu na kukusomea tarakimu. Programu itavuta mstari kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta hadi ule wa John F. Kennedy na kutoa jibu la kilomita 11,840 hivi. Kisha itagawanya kwa kasi ya ndege kubwa, kama kilomita 900 kwa saa, na kutangaza kwamba safari ni ya saa 13 na dakika chache. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sisemi kwamba programu hizo zinadanganya, kwa maana kilomita zimepimwa sawasawa na hesabu haina kosa. Nasema zinajibu swali ambalo msafiri hakuliuliza. Ndege ya moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili, iliyoanzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018, hutumia kama saa 15 kwenda na kama saa 14 kurudi, wala si 13. Na abiria mwenyewe, ukihesabu tangu siku aliyoamua kusafiri mpaka siku mwili wake utakapolala na kuamka kwa saa za ugenini, hutumia majuma, pengine miezi. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba umbali kati ya viwanja viwili vya ndege umepangwa na dunia, lakini muda wa kuumaliza umepangwa na watu kwa sehemu kubwa kuliko tunavyokiri. Kwa kuwa tumezoea kuuona muda huo kama jambo la maumbile, tumeacha kuwauliza wale walioupanga.

Kiswahili kilikuwa na kipimo bora kuliko kilomita kabla kilomita hazijaletwa. Mtu aliyeulizwa kijiji kiko wapi alijibu kwamba ni mwendo wa siku tatu, au mwendo wa kutoka alfajiri hadi adhuhuri. Ndani ya neno hilo mwendo kulikuwa na mlima, mto uliofurika, uzito wa mzigo na jua la mchana. Kulikuwa pia na watu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikata zaidi ya kilomita 1,000, na safari yake ilihesabiwa kwa miezi. Miguu haikuwa sababu pekee. Kila msafara ulipoingia katika nchi ya mtemi fulani ulilazimika kusimama na kutoa hongo, neno ambalo leo limebaki na maana ya rushwa lakini zamani lilikuwa jina la ushuru wa kupitia. Kulikuwa na kujadiliana juu ya doti ngapi za nguo na shanga za aina gani, na mazungumzo hayo yangeweza kula siku kadhaa huku wapagazi wamekaa. Kiongozi wa msafara aliyepanga safari yake kwa kuangalia ardhi tu, bila kuwahesabu watemi, alikuwa amekosea tangu hatua ya kwanza. Nakusudia kuonyesha kwamba ndege haikuyafuta mambo hayo. Imefupisha mwendo wa ardhi kwa namna ya ajabu, na hongo ikabaki palepale, imebadilisha sura tu.

Lakini haki ya dunia ipewe dunia kwanza, maana iko sehemu ya mwendo ambayo hakuna serikali wala kampuni iwezayo kulaumiwa kwayo. Kwenye ramani bapa iliyotundikwa ukutani, mtu akiweka rula kati ya Nairobi na New York, mstari utapita Cameroon, Nigeria, Mali na Mauritania, kisha uingie baharini. Mstari huo unaonekana mnyoofu, na ndiyo njia ndefu. Dunia ni tufe, na juu ya tufe njia fupi huonekana kama upinde ukiihamishia kwenye karatasi. Chukua uzi, uukaze juu ya tufe la darasani kati ya miji hiyo, nao utaelekea kaskazini-magharibi tangu mwanzo. Utakata Uganda na Sudan Kusini, uvuke Chad, jangwa la Niger na Algeria, utoke Afrika kupitia Morocco, kisha upande katika Atlantiki hadi kiasi cha nyuzi 42 kaskazini, juu zaidi ya New York yenyewe, ndipo ushuke. Tofauti kati ya njia ya rula na njia ya uzi ni kama kilomita 350, karibu nusu saa ya kuruka. Hapa hakuna wa kumshitaki. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 na ushei, kwa hiyo hakuna viwanja viwili vinavyoweza kutengana kwa zaidi ya nusu yake. Nairobi na New York zimetengana kwa zaidi kidogo ya robo. Hicho ndicho kiasi cha kweli cha umbali wake, na hakijabadilika tangu milima ikae mahali pake.

Baada ya ardhi huja upepo, na hapa watu wa pwani wana elimu ambayo haikuhitaji injini. Nahodha wa jahazi aliyetoka Maskati kuja Unguja alisubiri kaskazi, na aliyerudi alisubiri kusi. Hakuna baharia aliyesema kwamba kwenda na kurudi ni sawa kwa kuwa bahari ni ileile. Alijua upepo wa tezi, unaosukuma kutoka nyuma, na upepo wa omo, unaokukabili usoni, na alijua kwamba hizo ni safari mbili tofauti juu ya maji yaleyale. Angani, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi ambako ndege kubwa hupita, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kasi yake huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ndege inayotoka Nairobi kwenda New York hukutana na mikondo hiyo kwa omo, hasa juu ya Atlantiki, na inaporudi huipata kwa tezi. Ndiyo sababu kwenda kunazidi kurudi. Wengi hudhani sababu ni kuzunguka kwa dunia, kwamba New York inaikimbia ndege au inaifuata. Sivyo, kwa kuwa hewa huzunguka pamoja na dunia na ndege huogelea ndani ya hewa hiyo. Nguvu ya upepo huo ilionekana wazi usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, ambapo ndege ya British Airways ilivuka kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa sita. Kilomita za siku ile zilikuwa zilezile za siku zote.

Kuna jambo la tatu la maumbile, nalo huanza kabla ndege haijaacha ardhi. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ilhali ule wa New York uko ufukweni, mita chache tu juu ya maji. Kwenye kimo cha Nairobi hewa ni nyepesi, mabawa hupata kidogo cha kujiegemeza na injini hupata kidogo cha kuvuta, na joto la mchana huizidishia hewa wepesi huo. Kwa hiyo ndege iendayo mbali, ambayo lazima ibebe makumi ya tani za mafuta, haiwezi kupaa ikiwa na uzito wote ambao ingeuinua pwani. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, ni msaada mmojawapo. Addis Ababa, ulio juu zaidi kwa mita 700 hivi, unalipa gharama kubwa kuliko hiyo, maana safari za Ethiopian Airlines kuelekea Marekani zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, mahali kama Dublin au Lomé, ilhali zikirudi zimeweza kuja bila kutua. Umbo la dunia limo tayari katika hesabu ya simu, lakini ukiongeza upepo na kimo, pamoja na dakika za kutambaa uwanjani na kupanda polepole angani, utaelewa kwa nini saa 13 za hesabu huwa saa 15 za kweli. Maumbile, basi, yamedai saa mbili juu ya hesabu ya simu. Zilizobaki, na ni nyingi, tutazitafuta kwingine.

Tuanze na anga lenyewe, ambalo mtu hudhani halina mipaka. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulio msingi wa usafiri wa ndege hadi leo, ulikubali kwamba kila dola lina mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Ndiyo kusema kwamba mtemi amepanda juu kilomita kumi. Nchi hutoza ada ya kupita juu yake, na ikitaka hufunga mlango. Vita vilipolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, anga la Sudan lilifungwa, na ndege nyingi kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuzunguka. Agosti mwaka huohuo, baada ya mapinduzi, watawala wapya wa Niger walifunga anga lao kwa karibu mwezi mzima, na pengo kubwa likatokea katikati ya ramani ya Sahara, juu ya nchi ambayo uzi wetu wa Nairobi na New York unaikata. Mfano ulio dhahiri kuliko yote uko mbali na kwetu. Shirika la Finnair la Ufini lilijenga biashara yake juu ya ukweli kwamba kutoka Helsinki hadi Tokyo kupitia Siberia ni mwendo wa saa tisa na nusu hivi. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraina na nchi zikafungiana anga, safari hiyo iligeuka ya saa 13, baadhi ya ndege zikipita karibu na Ncha ya Kaskazini. Hakuna bara lililosogea. Kilichosogea ni ruhusa.

Msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya vita na siku za kawaida si hivyo. Basi na tutazame siku za kawaida. Kabla ya mwaka 2018, abiria wa Nairobi aendaye New York alipitia mji wa kuunganishia, na Amsterdam ulikuwa mmojawapo. Nairobi hadi Amsterdam ni kilomita 6,680 hivi, na Amsterdam hadi New York ni 5,850 hivi, jumla 12,530. Hizo ni kilomita 700 tu zaidi ya njia fupi, nyongeza isiyofika hata asilimia sita, chini ya saa moja ya kuruka. Lakini abiria huyo hakuchelewa kwa saa moja. Alitua, akasubiri, akapita tena ukaguzi, akapanda ndege nyingine iliyoanza upya kutambaa na kupanda, na safari yake ikafika saa 20 au zaidi kwa kadiri ratiba mbili zilivyopatana au kugombana. Aliyepitia Dubai aliongeza kilomita nyingi zaidi, kwa kuwa Nairobi hadi Dubai ni 3,550 na Dubai hadi New York ni 11,020, tena alianza safari kwa kwenda kaskazini-mashariki ilhali aendako ni magharibi. Kama muda ungekuwa mtoto wa kilomita, njia ya Amsterdam na ile ya moja kwa moja zingekaribiana sana. Kinachozitenganisha ni ratiba, na ratiba huandikwa na watu ofisini kwa kuangalia faida ya mji wao.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote uko katika tarehe mbili. Kenya Airways ilipokea ndege yake ya kwanza ya aina ya Boeing 787 mwezi Aprili 2014. Hiyo ni ndege yenye uwezo wa kuvuka kilomita 11,840 bila kutua. Safari ya kwanza ya moja kwa moja ilifanyika Oktoba 2018. Katikati kuna miaka minne na nusu, na miaka hiyo haimo katika kilomita, haimo katika upepo, wala haimo katika kimo cha Nairobi. Ilikuwa ya vibali na mahesabu. Mamlaka ya anga ya Marekani iliipa Kenya Daraja la Kwanza la usalama wa anga Februari 2017, hatua ambayo bila hiyo shirika la Kenya lisingeweza kuanzisha safari za moja kwa moja. Uwanja nao ulilazimika kutimiza masharti ya ukaguzi na ulinzi, na kampuni yenyewe ilikuwa na hesabu zake za biashara za kutengeneza. Sisemi kwamba masharti hayo yalikuwa mabaya. Abiria anayelala juu ya Atlantiki ana haki ya kujua kwamba kuna mtu aliyekagua. Ninachosema ni kwamba kama kuna mtu aliyekuwa akijiuliza mwaka 2015 kwa nini New York ni mbali hivyo, jibu la kweli halikuwa kwenye tufe la darasani. Lilikuwa kwenye mafaili.

Historia ya njia hii inatia nguvu hoja hiyo. Septemba 1959, wanafunzi 81, kwa juhudi za mwanasiasa Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani, walisafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi hadi New York kwenda kusoma vyuoni. Mwaka uliofuata walikwenda wengine, Wangari Maathai akiwa miongoni mwao, na safari hiyo ya 1960 ilisaidiwa na fedha za wakfu wa familia ya Kennedy. Ndege za siku zile zilikuwa za mwendo wa polepole na zilitua mara kadhaa njiani. Hata hivyo si ndege iliyokuwa imewazuia vijana wa Kenya kufika Marekani kabla ya hapo. Walizuiwa na ukoloni, karo na uhaba wa nafasi, na waliposhikamana watu wachache waliokataa kuuona umbali huo kama amri ya Mungu, New York ilisogea. Viwanja vyenyewe vilikuja kupewa majina ya viongozi wa zama hizo, wa New York mwezi Desemba 1963, mwezi uleule Kenya ilipopata uhuru, na wa Nairobi mwaka 1978. Tukiyasoma leo kwenye tiketi, tusiyaone kuwa herufi tupu. Ni kumbukumbu kwamba njia hii ilifunguliwa kwa nia kabla haijafunguliwa kwa injini.

Sasa nije kwenye sehemu ya mwendo isiyohesabiwa na kampuni yoyote. Mmarekani anayetaka kuja Kenya hujaza ombi la idhini ya kielektroniki, utaratibu ulioanza Januari 2024, na anaweza kufanya hivyo akiwa amekaa nyumbani kwake. Mkenya anayetaka kwenda Marekani kwa mara ya kwanza hujaza fomu, hulipa, hutafuta siku ya mahojiano, husubiri siku hiyo hata kwa miezi, hufika ubalozini mwenyewe na nyaraka zake, na anaweza kurudi mikono mitupu. Wote wawili watakaa kwenye ndege ileile yenye viti 234, watapita juu ya mchanga uleule na mawimbi yaleyale. Kilomita zao ni zilezile lakini mwendo wao si mmoja. Ukiuliza ni muda gani kutoka New York hadi Nairobi, jibu linaweza kuwa juma moja la maandalizi na saa 14. Ukiuliza kutoka Nairobi hadi New York, jibu linaweza kuwa nusu mwaka na saa 15. Hii ndiyo hongo ya zama zetu, na uzito wake ni kwamba hutozwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Mtu anaweza kupinga akisema viza si sehemu ya safari, kwamba safari huanza mlango wa ndege unapofungwa. Nami namjibu kwamba mkuu wa msafara wa Bagamoyo asingemwelewa. Kwake siku za kusubiri ruhusa zilikuwa siku za safari, kwa sababu chakula cha wapagazi kililiwa hata walipokuwa wamekaa. Msafiri wa leo naye hula akiba yake akisubiri.

Kuna pia mwendo wa mwili, ambao nao watu huusahau. Nairobi hukaa kwenye saa zilezile mwaka mzima, wakati New York hurudi nyuma yake kwa saa saba majira ya kiangazi na saa nane majira ya baridi. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, na karibu na ikweta hilo ni jambo la kutegemewa, kwa maana saa moja asubuhi ni saa moja baada ya mapambazuko, Januari kama Julai. New York ya Desemba jua huchomoza saa moja na robo na kuzama saa kumi na nusu, hata kuhesabu kwa jua kukakosa mantiki. Mwili nao una saa yake, na kwa kawaida huhitaji kama siku moja kwa kila saa ya tofauti ili kujirekebisha. Kwa njia yetu hiyo ni karibu juma zima. Tena wengi hupata shida zaidi wakienda mashariki kuliko magharibi, kwa kuwa ni rahisi kuusukuma usingizi mbele kuliko kuuvuta nyuma. Matokeo yake ni ya kufikirisha, kwamba kwenda New York ni kurefu angani na kufupi mwilini, na kurudi Nairobi ni kufupi angani na kurefu mwilini. Anayepanga mkutano au mtihani asubuhi ya kufika, akitegemea saa 14 za tiketi, ameihesabu ndege akamsahau abiria.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la mwanauchumi, na linastahili jibu la heshima. Atasema kwamba mafuta huungua kwa kilomita, matairi na injini huchakaa kwa kilomita na saa za kuruka, na nauli hufuata hapo. Atasema pia kwamba miji ya kuunganishia haikuwekwa kwa ubaya, kwa maana kukusanya abiria wa miji 50 mahali pamoja na kuwagawa upya ndiko kunakowezesha mji mdogo kufikika hata kidogo, na kwamba ndege ya mbali sana huchoma mafuta mengi kwa sababu tu ya kubeba mafuta yake yenyewe. Yote hayo ni kweli. Lakini tazama alichokikubali bila kujua. Amekubali kwamba kinachoamua ni wapi pakusanywe abiria, na mahali hapo palichaguliwa. Dubai haikuwekwa katikati ya dunia na maumbile, ilifanywa katikati kwa sera, fedha na uvumilivu wa miaka mingi. Na mzigo wa uchaguzi huo unaonekana Afrika kuliko popote. Bujumbura hadi Dakar ni kilomita 5,490 hivi, chini ya nusu ya Nairobi na New York. Hata hivyo hakuna ndege ya moja kwa moja, na abiria anayeunganishiwa Addis Ababa huanza kwa kuruka kuelekea kaskazini-mashariki, akiipa Dakar kisogo. Safari yake inaweza kula saa zilezile za kuvuka Atlantiki au zaidi. Nchi za Afrika zilikubaliana huko Yamoussoukro mwaka 1999 kufunguliana anga, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga. Makubaliano yapo kwenye karatasi, na utekelezaji unakwenda kwa mguu.

Yuko pia atakayesema kwamba nawadai watu kile ambacho teknolojia italeta yenyewe, kwamba ndege zitaongeza kasi na mjadala utakwisha. Historia haikubaliani naye. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti, aina ya Comet, ilianza safari kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Miaka michache baadaye, mwaka 1958, Boeing 707 ilianza kubeba abiria kwa kasi inayokaribiana sana na ya ndege za leo. Concorde, iliyopita kasi ya sauti, ilianza kazi mwaka 1976 na kustaafu mwaka 2003 bila mrithi. Kwa zaidi ya miaka 60, basi, kasi ya abiria wa kawaida angani imesimama mahali pamoja. Kilichoendelea ni uwezo wa kwenda mbali bila kutua, kama ndege za Singapore zinazokwenda New York, zaidi ya kilomita 15,000 kwa zaidi ya saa 18. Kama kasi imegota, nafasi ya kufupisha mwendo iko chini, kwenye ratiba, foleni, vibali na barabara. Nairobi yenyewe ilitoa mfano mwaka 2022 ilipofungua barabara ya juu ya kilomita 27 inayopita karibu na uwanja wa ndege, maana abiria wa upande wa pili wa jiji angeweza kupoteza kwenye msongamano muda ambao ndege ingeutumia kufika Mombasa. Dakika hizo zilitolewa kwenye mwendo wa kila msafiri anayemudu ada yake bila ndege yoyote kuongeza kasi.

Ndiyo maana napendekeza turudi kwenye neno letu la zamani na kulitumia kwa makini. Tunaposema Nairobi hadi New York ni kilomita 11,840, tumesema jambo la kweli kuhusu dunia. Tunaposema ni saa 15, tumesema jambo la kweli kuhusu ndege. Bado hatujasema lolote kuhusu msafiri. Mwendo wake una tabaka tatu, na kila tabaka lina mwenyewe. La ardhi, upepo na kimo ni la maumbile, na hilo tulivumilie kama nahodha alivyoivumilia kaskazi akingoja kusi. La mwili tulipe siku zake bila kuona haya. La ratiba, anga lililofungwa, foleni ya viza na makubaliano yasiyotekelezwa ni la watu wenye vyeo na anwani. Kuyachanganya matatu haya katika tarakimu moja ni kumpa wa tatu kinga ya wa kwanza, kana kwamba mtu wa Bujumbura yuko mbali na Dakar kwa sababu ileile inayomweka mbali na mwezi. Wanafunzi 81 wa mwaka 1959 hawakungoja bara lisogee. Nasi kila tunaposhika tiketi na kuona saa zilizoandikwa juu yake, tujifunze kuuliza, saa baada ya saa, hii ni ya nani.